Siku ya shamba ilijaa watu, mbona hakuna aliyebadilika?

Swali: Kikundi chetu kina watu 18, wakulima na wafugaji. Wanne wamefanikiwa: wawili wana makinga maji (mitaro na matuta ya kuzuia maji yasibebe udongo) na matandazo (mabaki ya mimea yanayofunika udongo), wawili wanazungusha mifugo kwenye malisho. Tuliandaa siku ya shamba kwao, watu wakajaa, wakauliza maswali mazuri, lakini misimu miwili imepita na hakuna aliyeanza. Sasa tunataka hao wanne wawe walezi wa wenzao. Tuanzie wapi, kila mlezi awe na watu wangapi, na je, alipwe?

Jibu: Siku ya shamba haikushindwa. Kazi yake ni kumtia mtu hamu, na hamu imepatikana. Kinachofuata baada ya hamu ni maamuzi madogo madogo, na karibu yote mtu huyafanya akiwa peke yake shambani kwake: mstari wa kwanza aupige wapi, magugu yaliyozidi wiki ya tatu ayafanyeje, ng'ombe wa jirani waingie kwenye mabua au wasiingie, mifugo ahamishe leo au Ijumaa. Aliyetembelea shamba la mwenzake aliona jibu. Hesabu iliyozaa jibu hilo hakuiona, na kwake hesabu ni nyingine kwa sababu mteremko ni mwingine na mifugo ni mingine. Ndiyo maana ushauri wetu ni mlezi aende kwa mwenzake, na aende siku zile ambazo uamuzi unafanyika. Mengine yote hapa chini yanatokana na hilo.

Kwanza, nani na nani. Vikundi vingi humpa kila mtu mlezi aliye karibu na nyumba yake, au mwenye sifa kubwa. Ukaribu unasaidia, lakini tazameni zaidi kama hali zao zinafanana: aina ya udongo, ukali wa mteremko, nguvukazi ya nyumbani, ukubwa wa kundi la mifugo, na umiliki wa ardhi. Mwenye wanyama 200 na mwenye 12 hawana tatizo moja. Anayelima shamba la kukodi kwa msimu mmoja msimpeleke kwa mlezi wa makinga maji. Hatachimba mtaro ambao faida yake itamwendea mwenye ardhi, na ana haki. Huyo apewe mlezi wa matandazo na mazao ya kufunika udongo, kazi inayolipa ndani ya msimu uleule.

Idadi: watu watatu au wanne kwa mlezi, wasizidi hapo. Mvua huwanyeshea wote siku moja, magugu huota kwao wote wiki moja, na ziara yenye thamani ni ile inayofika kwa wakati. Mlezi mwenye watu kumi atawafikia sita wakati uamuzi umeshapita. Ninyi mna walezi wanne na wenzao 14, kwa hiyo hesabu inakaa vizuri. Jambo moja husahaulika: anayepalilia awepo kwenye ziara. Mara nyingi anayehudhuria mikutano si yule mwenye jembe mkononi, na kama mpaliliaji hajui kwa nini matandazo hayafagiliwi pembeni, yatafagiliwa.

Pili, mbinu moja kwenye kipande kidogo. Vuguvugu la wakulima kufundishana lililoanzia nyanda za juu za Guatemala miaka ya 1970, kisha likaingia Mexico na Nicaragua, lilishika kanuni hii: mbinu moja au mbili, jaribio dogo, na mtu afundishe alichokwisha kukifanya kwake. Mashamba darasa yaliyoanza Indonesia mwaka 1989 chini ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwenye mpunga, yaliongeza jambo la pili: wakulima walikutana kila wiki kwa msimu mzima, zao likiwa bado shambani. Chukueni yote mawili.

Kipande cha mita 20 kwa 20 kinatosha kuanzia, na kando yake kingine cha ukubwa huohuo kilimwe kwa njia ya zamani. Viwili hivyo vikae usawa mmoja kwenye mteremko. Kimoja kikiwa juu ya kingine, maji na rutuba ya cha juu vitateremkia cha chini na ulinganisho utakuwa umeharibika. Mbegu iwe moja, mbolea iwe kiasi kimoja, na, hili ndilo linaloharibu majaribio mengi, siku ya kupanda iwe moja. Mtu mwenye ari hupanda kipande kipya mvua ya kwanza, cha zamani akakifikia siku kumi baadaye. Wakati wa mavuno anasifu matandazo, kumbe anaona tofauti ya tarehe.

Vipimo visihitaji maabara. Kujua maji yanaingiaje ardhini, chukueni kopo la bati lisilo na kitako wala mfuniko, kipenyo sentimita 15. Lizamisheni ardhini sentimita 7 hivi kwa kugonga ubao uliolazwa juu yake, tandikeni nailoni ndani, mimineni mililita 440 za maji, kisha vuteni nailoni taratibu na muanze kuhesabu muda. Kiasi hicho ni sawa na milimita 25 za mvua. Rudieni mara ya pili palepale, maana udongo mkavu hunywa haraka mwanzoni na kumdanganya mpimaji. Muda wa mara ya pili ndio wa kuandika. Kwa matandazo, fungeni mafundo 100 kwenye kamba, moja kila sentimita 10, itandazeni ikikata mistari ya mazao kwa mshazari, mhesabu mafundo yaliyogusa mabaki ya mimea. Mafundo 30 ni asilimia 30, kiwango cha chini kinachokubalika katika kilimo hifadhi, yaani kilimo kinachofunika udongo na kuugeuza kidogo. Pimeni sehemu tatu mpate wastani.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, tukianza na makinga maji, kwa sababu hapo kosa dogo huleta hasara kubwa. Mlezi asimpimie mwenzake. Amkalishe atengeneze fremu ya A mwenyewe: miguu miwili inayosimama umbali wa mita 2, ubao wa katikati, na timazi ya kamba na jiwe. Wakati wa kuisahihisha, simamisheni miguu juu ya vigingi viwili, wekeni alama kamba inapokatia ubao, geuzeni miguu ibadilishane vigingi, wekeni alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Kila fremu ikianguka au ikigongwa, isahihishwe upya. Fremu hiyohiyo hupima mteremko: weka mguu mmoja juu na mwingine chini, inua wa chini hadi kamba ifike katikati, kisha pima umeinuka kiasi gani. Sentimita 20 kwa fremu ya mita 2 ni mteremko wa asilimia 10.

Umbali kati ya kinga na kinga hupatikana hivi: gawanya asilimia ya mteremko kwa 4, jumlisha 2, zidisha kwa 0.3. Hapo umepata tofauti ya kimo kwa mita. Igawanye kwa asilimia ya mteremko na uzidishe kwa 100, upate umbali wa kwenda chini. Kwa mteremko wa asilimia 10 ni kimo cha mita 1.35 na umbali wa mita 13.5. Kwa asilimia 5 umbali ni mita 19.5, na kwa asilimia 20 ni mita 10.5. Mwenzake afanye hesabu kwa mkono wake, mara tatu kwa miteremko mitatu, mlezi akitazama tu.

Mtaro wa fanya juu kwa kawaida huwa na upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, udongo ukitupwa upande wa juu, na kati ya mtaro na tuta paachwe ukingo mtupu wa sentimita 15 hadi 30 ili tuta lisirudi mtaroni. Panda nyasi juu ya tuta mvua za kwanza zinapoanza, kwa sababu tuta lisilo na mizizi halivuki msimu. Penye mvua kidogo, mtaro uwe sawa kabisa na ncha zake zizibwe ili maji yakae. Penye mvua nyingi au udongo mzito, upewe mwinamo wa nusu asilimia hadi asilimia moja kuelekea njia ya maji iliyokwisha kuota nyasi. Njia hiyo isipokuwepo, mnachimba korongo jipya kwa jembe lenu wenyewe.

Makinga hupasuka kwa sababu zinazojulikana: mstari uliopinda bila kufuata usawa, mifugo iliyokanyaga tuta, shimo la panya, au maji ya barabara yanayoingia kutoka juu ambayo hayakuhesabiwa. La juu likipasuka humwaga maji yote kwenye la pili, na la pili kwenye la tatu. Kwa hiyo kazi huanzia juu ya shamba kushuka chini, hata kama sehemu iliyoumia zaidi iko chini. Wengi huanzia chini. Mlezi asimamie hapa bila aibu.

Ziara ambayo hatungekubali ikosekane ni ile ya saa chache baada ya mvua kubwa, njia za maji zikiwa bado zinaonekana. Siku hiyo mwenye shamba anaona kwa macho yake maji yalipotua, yalipokimbia na yalipobeba udongo. Maelezo ya saa mbili ubaoni hayafiki hapo.

Kwenye matandazo kuna mtego wa wiki ya pili hadi ya nne. Mabua ya mahindi yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, takriban 60 kwa 1, na vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni ya udongo ili vifanye kazi. Zao changa hugeuka njano. Asiyejua huondoa matandazo na kutangaza kwamba mbinu ni mbaya. Mlezi alitaje mapema, siku ya kupanda: rangi hiyo inaweza kutokea, na kinga yake ni kuweka sehemu ya mbolea ya naitrojeni au samadi iliyooza vizuri chini ya matandazo, karibu na mstari wa mbegu, siku hiyohiyo. Magugu nayo huongezeka misimu ya kwanza pale ambapo jembe limeacha kugeuza udongo na kifuniko bado ni chepesi. Palizi ya wiki ya tatu isiahirishwe, na magugu yasiachwe yakatoa mbegu hata baada ya mavuno. Anayejua hayo mapema havunjiki moyo yakitokea.

Kwa wafugaji somo la msingi ni moja: kujua nyasi zilizopo zitatosha siku ngapi. Tengenezeni fremu ya mraba ya sentimita 50 kwa 50. Itupeni bila kuchagua mahali, angalau mara kumi, kateni nyasi zilizomo, zianikeni hadi uzito uache kushuka, mpime. Wastani wa gramu ukizidishwa kwa 40 hutoa kilo kwa hekta. Tuseme wastani ni gramu 50: hekta ina kilo 2,000 za nyasi kavu. Msizile zote. Chukueni asilimia 40 mpaka nusu, nyingine ibaki kufunika udongo na kulisha mizizi. Kwa asilimia 40 mna kilo 800.

Mnyama hula kwa siku karibu asilimia 2.5 ya uzito wake kwa chakula kikavu. Ng'ombe 30 wa wastani wa kilo 300 wanahitaji kilo 225 kwa siku. Hekta 4 zina kilo 3,200, yaani siku 14. Lakini nyasi zinapokua kwa kasi, siku 14 mahali pamoja ni nyingi mno, maana mnyama atarudia chipukizi la nyasi aliyoikata juzi, na hapo ndipo mizizi inapokufa. Zigawanyeni hekta hizo vipande vinne, kila kimoja siku tatu na nusu. Kisha kipande kipumzike: siku 30 hadi 45 katika ukuaji wa kasi, 60 hadi 90 au zaidi ukuaji ukipungua. Namba hizi ni za kupangia tu. Wakati wa kurudi, tazameni ile nyasi ambayo mifugo huipenda kuliko zote. Kama haijarudisha majani yake, kipande hakijawa tayari hata kalenda ikisema kiko tayari.

Ziara kuu ya mlezi wa malisho iwe mwisho wa mvua, nyasi zinapoacha kukua. Hesabu ileile, sasa kwa kiangazi kizima. Siku 120 kwa kilo 225 ni kilo 27,000, zinazohitaji hekta 34 hivi. Mwenye hekta 24 ana kilo 19,200: zitamfikisha siku ya 85, au zitatosha ng'ombe 21 hadi mvua. Uamuzi wa kupunguza tisa, kutafuta malisho kwingine au kununua majani unafanyika sasa, wanyama wakiwa na mwili na thamani. Walezi wengi huja katikati ya kiangazi kufariji, wakati uchaguzi umebaki mmoja na bei imeshaanguka.

Maji ndiyo yanayovunja mpango mzuri wa kuzungusha. Siku ya joto kali ng'ombe mmoja anaweza kunywa lita 50 au zaidi, kwa hiyo kundi la 30 ni lita 1,500, na hufika kwa pamoja. Hori likijaa polepole, wenye nguvu hunywa na wanyonge hubaki wakingoja, na mchungaji anaacha lango wazi. Kabla ya kugawa malisho vipande vipya, pimeni kila kipande kitapata maji kwa njia gani. Na kama malisho ni ya pamoja, kumlea mtu mmoja hakufai kitu. Itisheni wote wanaochungia hapo, mkubaliane kufunga sehemu moja kwa msimu mmoja, na nani atailinda.

Kikundi chenu kina wakulima na wafugaji, kwa hiyo mtagombana kuhusu mabua. Yazungumzeni kabla ya mavuno, kwa vipimo. Asilimia 30 ya kifuniko huhitaji takriban tani 2 hadi 3 za mabua makavu kwa hekta. Shamba lenye tani 5 lina ziada ya kuuza, kulisha au kubadilishana na samadi. Shamba lenye tani 2 halina, na ng'ombe wasiingie. Mkisema "kidogo tu" bila kupima, asubuhi mtakuta ardhi tupu.

Kuhusu namna ya kuongea: mlezi auanze ushauri kwa sepeto. Chimbeni pamoja kina cha sentimita 20, tazameni mizizi imepinda wapi, tabaka gumu liko kina gani, minyoo ipo au haipo. Kisha mwenye shamba aseme anachokiona kabla mlezi hajasema chake. Asimnyang'anye jembe akikosea; akosee palepale mkiwa wawili. Mlezi kijana mbele ya mzee ana mlango wake: "Mzee, zamani maji yalikuwa yanapita wapi hapa?" Jibu litakuwa na faida ya kweli, kwa sababu makorongo mengi hufuata njia ya zamani, na mzee ataingia kwenye mazungumzo akiwa mwenye kujua. Na mlezi awe na kona ya shamba lake iliyoharibika ya kuwaonyesha watu, asiifiche. Kila ziara iishie na ahadi moja iliyoandikwa kwenye daftari la mwenye shamba, yenye tarehe. Ahadi tatu hazitekelezwi hata moja.

Kwa mwaka wa mazao, ziara sita zinatosha: kabla ya mvua kupima na kupiga mistari, siku ya kupanda, wiki ya tatu, baada ya mvua kubwa ya kwanza, kabla ya kuvuna kulinganisha vipande viwili, na baada ya kuvuna kuamua juu ya mabua. Malisho yana nne: nyasi zinapoanza kukua, katikati ya ukuaji, mwisho wa mvua, na mwisho wa kiangazi. Ziara hiyo ya mwisho ni ya kupiga picha kutoka kigingi kilekile, upande uleule, kila mwaka.

Malipo. Mlezi asilipwe fedha na anayemlea, kwa sababu ziara hugeuka kibarua na mwenye shamba huanza kungoja afanyiwe. Arudishiwe nauli au mafuta kutoka mfuko wa kikundi, na muda wake ulipwe kwa kazi: kila ziara ya nusu siku, nusu siku ya mkono shambani kwa mlezi wakati wa palizi. Hii pia humfanya mwenzake aone shamba la mlezi siku za kawaida, lisipopambwa kwa wageni. Mfadhili akija na posho, ifungwe kwenye ziara zilizoandikwa pamoja na vipimo vyake. Posho ya kila kichwa huzaa vichwa. Mlezi pia asiwauzie anaowalea mbegu, dawa wala vifaa. Akiwa muuzaji, hakuna atakayejua kama ushauri wake ni ushauri.

Baada ya misimu miwili, anayeweza kusahihisha fremu ya A, kupiga hesabu ya nyasi au ya umbali wa makinga, na kueleza kwa daftari lake kwa nini kipande kimoja kilishinda kingine, apewe mtu wake mmoja wa kumlea. Mlezi wa zamani aende naye ziara ya kwanza tu, na akae nyuma.